Mswada, Ufaraguzi na Kamera: Historia Inayomhusu Mtahiniwa wa Kitale na Bungoma

Utangulizi

Swali la dondoo katika Karatasi ya Tatu humtaka mtahiniwa aeleze ni nani anayesema, anamwambia nani, wako wapi na ni kwa nini maneno hayo yakasemwa. Ni alama nne ambazo mtu aliyesoma kitabu hapaswi kuzipoteza. Hata hivyo, wewe mwalimu uliyewahi kusahihisha mitihani ya majaribio Kitale, Kiminini, Kimilili au Bungoma mjini huenda umekutana na jibu la ajabu. Wahusika ni wale wale na maneno yanakaribiana, lakini mahali si pale. Mazungumzo ambayo mwandishi aliyaweka karakanani, mtahiniwa ameyaweka hotelini. Ukimwita umuulize, atakuapia kwamba aliona kwa macho yake mwenyewe. Naam, aliona. Aliona katika video.

Makala haya yanakusudia kueleza ni nini hasa alichokiona kijana huyo. Kuna video inayotokana na mswada, ambapo kila neno liliandikwa kabla kamera haijawashwa, na kuna video inayonasa tendo lililo hai, ambapo maneno yanazaliwa papo hapo mbele ya watu. Mtahiniwa wa sehemu zetu hukutana na zote mbili katika wiki moja: tamthilia teule iliyorekodiwa anaitazama shuleni siku ya Ijumaa, na Jumamosi anamkuta mpiga picha akizunguka na kamera katika matanga ya jirani. Huziita zote kwa jina moja tu, video. Dai letu ni kwamba kamera hubadilisha hali ya maneno inayoyanasa. Yaliyofaraguliwa huyagandisha yakawa kama mswada, na yaliyoandikwa huyaweka mikononi mwa watu wengine ambao wanaweza kuyapunguza na kuyahamisha. Asiyelijua hili atashindwa kujibu swali la tamthilia, na la fasihi simulizi pia.

Istilahi ya ufaraguzi unaijua. Ni ule uwezo wa fanani kutunga na kubadilisha papo kwa papo kulingana na hadhira, mahali na wakati. Utakumbuka pia kwamba M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, aliisisitiza fasihi hii kama tukio: pawe na fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Miaka 19 kabla yake, Ruth Finnegan alikuwa ameshaeleza kwa kirefu kwamba utendaji ndio uhai wa fasihi simulizi ya Kiafrika. Wote wawili waliandika kabla ya kila kijana kuwa na kamera mfukoni, na swali la kamera wametuachia sisi.

Gari la sinema na mtu wa maikrofoni

Historia hii haikuanza na runinga. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, Waingereza wawili, Major L. A. Notcutt na G. C. Latham, waliendesha jaribio la kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika. Fedha zilitoka kwa wakfu wa Carnegie wa Marekani. Walitengeneza filamu fupi zipatazo 35 kuhusu kilimo, afya, kodi na akiba ya posta, wakazizungusha kwa gari katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Sauti haikuwa ndani ya filamu. Iliwekwa kwenye sahani za santuri, ili picha ile ile iweze kusemewa Kiswahili mahali pamoja na lugha nyingine mahali pengine.

Tazama jinsi tatizo letu lilivyokwisha kuzaliwa hapo. Picha ilikuwa moja na haibadiliki, ilhali maneno yangeweza kubadilishwa kila gari lilipofika penye lugha nyingine. Serikali ya Uingereza ilipoanzisha kitengo chake cha filamu za makoloni mwaka 1939, mtindo huu uliendelea kwa njia rahisi zaidi. Filamu ilipelekwa bila sauti pamoja na karatasi ya maelezo, na Mwafrika mmoja mwenye maikrofoni alisimama kando ya kitambaa cheupe akiwafafanulia watazamaji kwa lugha yao. Mswada uliandikwa London. Aliyesema, hata hivyo, alikuwa mtu mwenye kuijua hadhira iliyo mbele yake, nayo hadhira ile ilicheka, iliuliza na kunong'ona. Bwana wa filamu hakuwa na njia ya kujua ni maneno mangapi ya karatasi yaliyofika kijijini na ni mangapi yaliyoongezwa njiani.

Fanani huyu wa maikrofoni hakufa na ukoloni. Alijitokeza tena katika vibanda vya video. Dar es Salaam alipata kuwa Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Lwakhakha na Suam, wanaofanya kazi hiyo huitwa mavijei. Kenya tunaye DJ Afro, ambaye sauti yake imesikika katika vibanda na matatu za nchi nzima. Msimulizi huyu humpa shujaa wa Kihindi au wa Kichina jina la mtaani, humtia maneno asiyoyasema na hukatiza kisa apate kutania. Huo ni ufaraguzi halisi juu ya picha isiyofaraguliwa. Lakini Lufufu alipoanza kuuza kanda zenye sauti yake, na sauti ya DJ Afro ilipoingizwa kwenye diski, mzaha uliotungwa siku moja ulianza kurudiwa vile vile kila siku, pawe na watu mia au mtu mmoja aliyelala. Mwanafunzi wako anayeweza kuukariri mzaha huo neno kwa neno anakariri matini. Hajashuhudia ufaraguzi.

Vitimbi, Vioja na sheria iliyotaka maneno yote

Runinga iliingia Kenya mwaka 1962. Baadaye, chini ya Sauti ya Kenya ambayo mwaka 1989 ilirudia jina la KBC, vikaja vipindi vya Kiswahili vilivyolea kizazi kizima: Vitimbi na Vioja Mahakamani. Hakuna haja ya kukueleza habari za Mzee Ojwang' na Mama Kayai. Benson Wanjau, aliyeigiza kama Ojwang', alifariki Julai 2015, na hata wanafunzi waliozaliwa baada ya enzi zake wanamjua.

Nguvu ya vipindi hivyo ilitegemea kisa kilichokubaliwa na wahusika wa kudumu ambao tabia zao zinajulikana. Mwigizaji akishajua kwamba Ojwang' ni mjanja anayejiponza mwenyewe na kwamba Mama Kayai hadanganyiki, haihitaji kumwandikia kila sentensi. Kiunzi kipo, maneno anayaleta yeye. Vioja Mahakamani vilipata kiunzi imara zaidi, yaani mahakama yenyewe: hakimu, kiongozi wa mashtaka, mshtakiwa, shahidi, hukumu. Kanuni za mahakama zinajulikana na kila mtu, kwa hiyo kila anayezivunja anachekesha. Studio nayo ilisaidia. Ukiwa na kamera mbili tatu zinazotazama jukwaa moja, waigizaji wanaweza kwenda kutoka mwanzo hadi mwisho wa onyesho bila kusimama, kama walivyozoea ukumbini, na mtu aliye chumba cha pili anachagua picha ya kamera ipi irekodiwe.

Linganisha hilo na uchukuaji wa kamera moja, ambao ndio mtindo wa filamu yenye mswada. Hapo onyesho hukatwakatwa. Kwanza wote wawili wanaonekana kwa mbali, kisha uso wa mmoja, kisha uso wa mwingine, na maneno yale yale yanarudiwa kila mara. Mwigizaji akifaragua hapa anaharibu kazi, kwa sababu sentensi ya picha ya pili haitaoana na ile ya picha ya kwanza. Kwa hiyo uhuru wa mwigizaji kubadilisha maneno hutegemea pia idadi ya kamera na namna ya kuhariri. Nadhani hili ndilo jambo ambalo vitabu vyetu vya uhakiki vimelisema kidogo mno. Tunamsifu fanani kwa kufaragua na kumlaumu mwigizaji wa filamu kwa kukariri, ilhali masharti ya kazi zao si mamoja.

Papa Shirandula, kilichoonyeshwa na Citizen TV hadi kifo cha Charles Bukeko Julai 2020, kilisimama katikati ya njia hizo mbili. Kisa kilipangwa: bawabu anayemficha mkewe kazi yake na kuvaa suti kila asubuhi. Lakini ladha yake ilikuwa katika Kiswahili chenye lafudhi ya Kiluhya ambacho hakuna mwandishi angeweza kukiandika chote kwenye karatasi. Mtazamaji wa Bungoma aliisikia lafudhi hiyo kama ya nyumbani, au pengine kama dhihaka ya nyumbani, na ubishi huo mpaka leo haujaisha. Tanzania pia ilikuwa na hali kama hiyo. Filamu za video zilizofuata Girlfriend ya mwaka 2003 nyingi zilichukuliwa haraka, mwelekezi akieleza kisa na waigizaji wakijazia maneno.

Sheria ya Kenya ina maoni yake juu ya jambo hili, tena maoni ya zamani. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, iliyotungwa mwaka 1962, ilimtaka anayeomba leseni ya kutengeneza filamu aambatanishe maelezo kamili ya maonyesho yake pamoja na maneno yote yatakayosemwa. Fikiria maana yake kwa msanii wa kufaragua. Anatakiwa apeleke kwa afisa maneno ambayo bado hajayajua. Sheria hiyo ilitungwa na watu walioogopa lisiloandikwa, na walikuwa na sababu yao. Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii ilipoonyeshwa Kamiriithu mwaka 1977, wanakijiji walikuwa wameirekebisha katika mazoezi ya wazi mbele ya majirani zao. Onyesho la kwanza lilikuwa Oktoba, na kufikia katikati ya Novemba leseni ilikuwa imeondolewa. Mswada ulikuwapo. Kilichotisha ni watu waliokuwa wakiusema.

Tamthilia teule: ukumbini na katika video

Sasa turejee kwa kijana wetu wa hotelini. Vikundi vinavyozunguka shuleni na tamthilia teule vimekuwa sehemu ya elimu yetu kwa miaka mingi. Shule kadhaa hukusanywa katika bwalo moja, kiingilio kinalipwa, na kitabu kizima kinaigizwa kwa muda wa saa mbili hivi. Baadaye vikundi na watengenezaji wengine walianza kurekodi kazi hizo, kwanza katika kanda, kisha diski, na sasa zinapitishwa kwa rununu kutoka kwa mwanafunzi hadi kwa mwingine. Mtahiniwa wa Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia aliziona, wa Kigogo cha Pauline Kea aliziona, na wa Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, iliyoanza kutahiniwa mwaka 2023, anaziona bila hata kuzitafuta.

Chukua Kigogo, kilichotahiniwa kuanzia mwaka 2018 hadi 2022. Tamthilia inaanzia karakanani, Sudi, Boza na Kombe wakichonga vinyago. Kenga anafika akileta keki. (Keki hiyo humchekesha mwanafunzi kuliko mzaha wowote ambao mwelekezi anaweza kuuongeza.) Katika ukumbi wa shule huko Kitale, karakana ni viti viwili, kipande cha gogo na nyundo. Hadhira inakubali kwamba pale ni karakana kwa sababu imeambiwa hivyo. Kenga anapoingia, wanafunzi wanapiga mbinja na kupayuka, naye mwigizaji anangoja kidogo, pengine anaongeza neno la mtaani lisilo kitabuni, na ukumbi unaanguka kwa kicheko. Sekunde hizo kumi si za Pauline Kea. Ni za bwalo hilo, alasiri hiyo. Wiki ijayo Bungoma hazitakuwapo, au zitakuwapo kwa neno jingine.

Katika video yenye mswada mambo hugeuka. Kamera haikubali viti viwili viitwe karakana, inataka karakana. Ikikosekana kwa bei ya mtengenezaji, mazungumzo huhamishiwa mahali palipopatikana, na hapo ndipo hoteli inapoingia katika jibu la mtahiniwa. Vivyo hivyo, Mwelusi wa Kifo Kisimani anauawa na nduguye Gege kisimani. Jukwaani kisima kinaweza kuwa duara la mawe, au kisionekane kabisa ila kwa jinsi mwigizaji anavyoinama. Katika video lazima kitafutwe kisima, na ukikipata, kile kisima halisi chenye ndoo na utelezi huanza kuipunguzia nguvu maana ya kisima kama ishara. Mtahiniwa aliyekiona kisima cha kweli huandika habari za maji. Aliyekisoma huweza kuandika habari za chemchemi ya uhai iliyonajisiwa na damu ya ndugu.

Isidhaniwe kwamba video inapoteza tu. Yapo mahali ambapo mswada unaidai kamera. Majoka anapozirai na kuzungumza na Babu katika hali ya ndoto, jukwaa la shule hutapatapa: taa ya bwalo haizimiki nusu, na Babu analazimika kuingia kwa mlango ule ule wanaotumia wapishi. Kamera inaweza kukuonyesha mtu amelala na papo hapo akasimama kwingine. Mwanafunzi aliyeshindwa kuelewa kwamba Babu hayupo ambulensini anaelewa mara moja. Mwalimu asione haya kuitumia video kwa sehemu kama hiyo, mradi kitabu kiwe wazi mkononi.

Kigogo kina jambo jingine linalogusa mada yetu. Ndani yake Runinga ya Mzalendo inaandamwa na utawala wa Majoka kwa kuonyesha wananchi wanaoandamana. Tarehe 30 Januari 2018, katika mwaka ule ule ambao kitabu kilitahiniwa kwa mara ya kwanza, serikali ya Kenya ilizima Citizen, NTV na KTN zilipokuwa zikitangaza moja kwa moja tukio la Raila Odinga kula kiapo katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Kitabu kilikuwa kimeshachapishwa. Wanafunzi waliorudi darasani wiki hiyo hawakuhitaji kufafanuliwa kwa nini Majoka anaiogopa runinga. Picha iliyohaririwa inaweza kukaguliwa kwanza. Picha ya moja kwa moja hufika kwa mtazamaji kabla ya mkaguzi, na kwa hiyo njia pekee ya kuidhibiti ni kuzima mtambo.

Kumuse mbele ya lenzi

Tuondoke sasa ukumbini tuende matangani, kwani upande wa pili wa mlinganisho wetu una mizizi mirefu Bungoma na Trans Nzoia kuliko tamthilia yoyote iliyochapishwa. Wabukusu wana sanaa ya khuswala kumuse, hotuba ndefu ya baada ya maziko anayofanyiwa mzee mwenye heshima, kwa kawaida siku ya tatu baada ya kuzikwa. Kila mzungumzaji hodari hawezi kuifanya. Ni kipawa kinachotambuliwa katika koo maalum, na mtu huingia katika kazi hiyo kwa idhini ya wazee. Fanani hutembea huku na huku katika uwazi ulioachwa katikati ya watu walioketi, akieleza asili ya jamii, safari zao za kale, koo na mahusiano yake, na kutoka hapo anawageukia walio hai: vijana, wajane, warithi wenye tamaa, viongozi. Ni mwiko mtu kuukatiza uwazi ule akiwa kazini. Mmoja aliyevuma kuliko wengi ni Manguliechi, ambaye maonyesho yake yalirekodiwa na hata kuchunguzwa katika vyuo vikuu.

Utaona mara moja kwamba kumuse haina mswada, lakini si kwamba haina mpango. Nasaba hazibadiliki kwa matakwa ya fanani. Mpangilio wa safari za kale unajulikana, na wazee walioketi mbele watamkosoa kimoyomoyo akiukosea. Kinachofaraguliwa ni daraja kati ya kale na leo: ni kisa kipi cha zamani atakachokiegemeza juu ya mgogoro upi wa boma hili, atamtazama nani anapotaja uchoyo, na Kiswahili atakiingiza wapi ili wageni wapate kusikia. Hii ndiyo sababu tunakushauri, mwalimu, usifundishe ufaraguzi kama uhuru wa kusema lolote. Fanani wa kumuse anao uhuru mdogo sana, na ustadi wake unaonekana humo.

Mpiga picha anafika. Ameitwa na familia, kama anavyoitwa harusini, na kama anavyoitwa Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, msimu wa tohara ya Wabukusu, mvulana anapopakwa tope mtoni alfajiri na kurudishwa nyumbani mbio. Kwa matukio haya hakuna kusema "rudia". Giza likiwa zito pale mtoni, giza ndilo litakaloonekana. Betri ikiisha fanani akiwa katika nasaba ya tatu, nasaba ya nne haitapatikana tena, kwani hata akiombwa aisimulie kesho, hadhira itakuwa imetawanyika. Mwelekezi wa Kigogo anaweza kurudia onyesho moja mara sita. Mpiga picha wa matanga ana nafasi moja.

Halafu anasimama wapi? Kwa mazoea ya harusi angeenda mbele apate uso wa msemaji. Hapa mbele ni ule uwazi usiokatizwa. Anayejua mila hukaa pembeni, na kwa sababu hiyo video nyingi za namna hii zina picha ya ubavu na ya mgongo, fanani akipita na kupotea nyuma ya mabega ya watu. Mtazamaji wa mjini ataiona kuwa kazi mbovu. Mhakiki aione kuwa kamera imeketi mahali pa hadhira na kutii sheria za hadhira. Afadhali picha hiyo ya mgongo kuliko uso safi uliopatikana kwa kuvunja mwiko, maana inakufundisha nafasi ya fanani na hadhira bila maelezo ya ziada.

Hasara kubwa huja baadaye, katika uhariri. Kumuse ya saa kadhaa hukatwa ikawa diski ya saa moja, na siku hizi vipande vya dakika mbili vya rununu. Kinachobaki karibu siku zote ni vichekesho: kejeli kwa viongozi, mizaha juu ya wanawake na wanaume, mafumbo makali. Nasaba hukatwa kwa kuwa zinachosha. Kwa mzee aliyeketi pale, hata hivyo, nasaba ndizo zilizokuwa kiini, na mizaha ilikuwa pumziko. Video imegeuza uwiano wa utanzu mzima. Mwanafunzi aliyeijua kumuse kupitia vipande hivyo ataiainisha mtihanini kama kichekesho, na hatakuwa amedanganya, ndivyo alivyoletewa. Wakati wa Korona mwaka 2020, idadi ya waombolezaji ilipowekewa mipaka na mazishi yakaanza kutazamwa kupitia simu, jambo hili lilionekana wazi zaidi. Hadhira ya mbali haiwezi kuguna, wala fanani hawezi kuisoma. Anasema na shimo la kioo.

Tena kuna jambo linalonisumbua kuliko uhariri. Video ya fanani mashuhuri hutazamwa na anayetaka kuwa fanani. Zamani alijifunza kwa kuhudhuria matanga mengi na kusikia kisa kimoja kikisemwa kwa namna tofauti. Sasa anaweza kusikia namna moja mara mia. Akiiga pumzi, mikono na hata mzaha uliomhusu mtu wa boma jingine, basi maneno yaliyozaliwa papo hapo yamekuwa mswada wake, na mswada huo haukuandikwa na yeyote. Kwa upande mwingine, bila kanda hizo tusingekuwa na chochote cha kuwaonyesha wanafunzi wa Kitale wasioelewa Lubukusu na ambao hawajawahi kuhudhuria. Sioni njia ya kukwepa mvutano huu. Kinachowezekana ni kurekodi zaidi ya mara moja: fanani yule yule katika boma mbili, video mbili nzima zisizokatwa, ziwekwe pamoja.

Darasani

Zoezi lifuatalo halihitaji vifaa vikubwa. Chagua onyesho moja fupi la tamthilia teule, kurasa tatu au nne. Gawa darasa mara mbili. Kundi la kwanza lirekodi onyesho hilo kwa rununu likifuata kila neno na kila elekezo la jukwaani, likisimama na kurudia inavyohitajika. Kundi la pili lisome mara moja, lifunge vitabu, kisha liigize mbele ya kidato kingine bila kusimama, rununu ikiwa imewekwa mahali pamoja nyuma ya watazamaji ili vicheko visikike. Tazameni zote mbili, kitabu kikiwa wazi, na kila mwanafunzi aandike mstari mmoja ulioongezwa, mmoja ulioachwa na mmoja uliohamishwa mahali. Huo uliohamishwa uutolee swali la dondoo la alama nne. Kwa somo la fasihi simulizi, mwombe mwanafunzi ambaye familia yake ina rekodi ya kumuse au ya tohara aulize nyumbani kama inaruhusiwa kuonyeshwa. Wakikataa, liulize darasa ni nini katika tukio hilo kisichotakiwa kuonwa na wasiokuwapo, kisha uwarudishe kwenye orodha ya Mulokozi: fanani, hadhira, fani, tukio, mahali na wakati.